Rangi Ndiyo Kazi ya Mwisho: Kufufua Meza Kuukuu ya Sebuleni

Meza kuukuu ya mbao ikishapakwa rangi upya, siku ya kwanza hupendeza hata kama kazi ilifanywa ovyo. Ubaya hujitokeza baadaye. Wiki ya tatu doa la rangi ya chai limeibuka katikati ya weupe, kikombe kimeondoka na ngozi ya rangi kilipoinuliwa, na kingo zimeanza kubanduka pale watu wanapoegesha miguu. Kasoro hizo karibu zote hazitoki kwenye rangi yenyewe. Zinatokana na jambo lililorukwa kabla kopo la rangi halijafunguliwa, na ndiyo maana hapa maandalizi yatachukua nafasi kubwa kuliko upakaji.

Tuanze na muda, kwa kuwa ndio gharama ambayo watu huikadiria vibaya. Meza ya sentimita 120 kwa 60 haili saa nyingi za mikono. Mwisho wa juma mmoja wenye juhudi ungetosha. Lakini gundi lazima ikauke, praima (tabaka la msingi linalopakwa kabla ya rangi) ikauke, kila mkono wa rangi ukauke, na siku hizo za kungoja hazirukwi. Weka wiki nzima kwa kazi, kisha wiki tatu au nne za kuitumia kwa uangalifu. Anayeanza Jumamosi akiwa amealika wageni Jumapili atapaka juu ya rangi mbichi, na ataijutia.

Kabla ya kununua chochote, igeuze meza miguu juu. Upande wa chini haukusafishwa wala kung'arishwa, kwa hiyo unaonyesha meza ilivyo. Jambo la kwanza kujua ni kama uso ni wa mbao nzima au ni vinia, ule utando mwembamba wa mbao nzuri uliogandishwa juu ya mbao nyingine, plaiwudi au chipubodi. Tazama kichwa cha ubao: kwenye mbao nzima, mistari ya juu inaendelea mpaka pembeni na kushuka, kwenye vinia inakatika ghafla ukingoni, na ukitazama kwa makini utaona tabaka. Vinia za viwandani za siku hizi aghalabu zina unene wa nusu milimita hivi. Mashine ya msasa yenye karatasi namba 80 (namba ikiwa ndogo, msasa ni mkali zaidi) huitoboa kabla hujatambua, na panapotokea kiraka cha kiini hapana msasa utakaopaponya. Kwenye vinia, piga kwa mkono tu, anzia namba 150, na acha mara tu mng'ao wa vanishi ya zamani unapofifia.

Kuna na aina ya tatu, inayowahadaa wengi: picha ya mbao iliyochapwa kwenye karatasi au plastiki. Utaitambua kwa kifundo kilekile kujirudia mahali pawili au patatu. Hiyo haikwanguliwi hadi mbao kwa sababu chini yake hakuna mbao ya kuonyesha. Ikwaruzwe kidogo kwa namba 220, ipakwe praima ya kushika nyuso laini, basi.

Ukiona vitundu vya milimita moja au mbili, usikimbilie puti ya kuzibia. Vinaweza kuwa vya bungua waliokwishahama zamani, au vya walio ndani bado. Tandika karatasi nyeusi chini ya meza kwa siku kadhaa. Unga mpya ukidondoka, kuna uhai humo, na dawa inabidi itangulie kila kitu kingine. Tena ipakwe kwenye mbao iliyo wazi, maana vanishi huizuia isipenye.

Lililo zito zaidi ni madini ya risasi, sumu iliyomo kwenye rangi nyingi za zamani. Marekani ilipiga marufuku rangi zenye risasi kwa matumizi ya nyumbani mwaka 1978, na nchi nyingine zilifanya hivyo kwa nyakati zao, baadhi kwa kuchelewa sana. Meza ambayo rangi yake ya chini ni ya umri usiojulikana ipimwe kwa vijiti vya kupimia risasi. Kipimo kikionyesha kuwa ipo, usipige msasa mkavu wala usiielekezee mashine ya hewa moto. Vumbi na moshi wake huingia mwilini, na watoto wadogo na wajawazito ndio wanaodhurika zaidi. Hapo tumia dawa ya kubandulia, au ubandue eneo likiwa limelowa, kusanya mabaki yote, na kazi hiyo isifanyiwe ndani ya nyumba inayokaliwa.

Halafu jiulize kama unataka rangi kweli. Msimamo wangu ni kwamba uso wa mbao nzuri usifunikwe kwa pupa. Kupaka rangi juu ya mbao tupu ni kazi rahisi, lakini kuitoa rangi ndani ya vinyweleo vya mbao kama mwaloni kunaweza kushindikana kabisa. Mara nyingi meza inayotoka vizuri kuliko zote ni ile yenye miguu na fremu za rangi, uso ukabaki na mbao yake chini ya vanishi. Ukitaka kuupaka mwaka kesho, bado utakuwepo.

Sasa matengenezo. Ishike meza kwa kona mbili zinazokabiliana na uitikise. Kiungo kinacholia au kucheza kifunguliwe, kisipigwe msumari. Na hapa ndipo kosa la kawaida linapofanyika: gundi mpya humiminwa juu ya gundi kuukuu. Gundi nyeupe ya mbao hushika kwa kuingia ndani ya nyuzi. Ikikuta nyuzi zimezibwa na gundi iliyokauka, haina pa kuingia, na kiungo kitaachia tena. Kwangua kwa patasi mpaka uone mbao. Ikiwa gundi ya zamani ni ya kahawia na inavunjika kama kioo, ni ile ya wanyama, na kitambaa cha maji ya moto kitailainisha. Paka gundi pande zote mbili, bana kwa klempu, kisha pima fremu kutoka kona hadi kona: vipimo viwili visipolingana, fremu imepinda, na meza itayumba daima. Iache saa 24 kabla ya kuisumbua.

Kusafisha ndiko kunakodharauliwa kuliko yote, na kwa mtazamo wangu ndiko kunakoharibu meza nyingi zaidi. Meza ya sebuleni imekula miaka ya mafuta ya mikono, nta, na dawa za kung'arishia samani, nyingi zikiwa na silikoni. Silikoni haionekani wala haina harufu. Unapaka rangi, unasogea hatua mbili kuitazama, na ghafla unaona viduara vya milimita mbili tatu vinafunguka juu ya uso. Ukingo wa kila kimoja umeinuka, katikati rangi imekimbia na mbao inachungulia. Ukiongeza rangi juu yake, inakimbia tena palepale. Hakuna dawa ya haraka ila kungoja ikauke, kupiga msasa, kusafisha upya na kuziba kwa shelaki, yaani utomvu wa wadudu ulioyeyushwa kwenye spiriti.

Kwa hiyo osha kwanza kwa maji ya vuguvugu yenye sabuni ya vyombo na kitambaa kilichokamuliwa vizuri, usiloweshe mbao. Ikikauka, futa kwa tapentaini ya madini, ukigeuza kitambaa kila mara mpaka kitoke safi. Haya yote yafanyike kabla ya msasa. Msasa hautoi nta. Unaipasha joto na kuisukuma ndani ya nyuzi. Baada ya msasa kuna kipimo rahisi: pitisha kitambaa chenye unyevu mwembamba na utazame maji yanavyokaa. Yakitanda sawasawa, pako safi. Yakijikusanya vitone vitone, pana mafuta bado.

Je, ni lazima rangi au vanishi ya zamani iondolewe yote? Hapana, na wengi hupoteza siku nzima kwa kutolijua hilo. Kwa wembe, chora mistari midogo iliyopishana mpaka kwenye mbao, bandika utepe wenye gundi kali, ukandamize, kisha ung'oe kwa mkupuo. Utepe ukitoka mtupu, tabaka la zamani limeshika na linatosha kuwa msingi. Likwaruze tu lipoteze mng'ao. Ukitoka na vipande, basi chochote utakachopaka juu kitaondoka pamoja navyo, na hapo hakuna njia ila kubandua.

Katika kubandua, soma lebo ya dawa kabla ya kulipa. Zile za zamani zenye methilini kloridi hufanya kazi upesi, lakini mvuke wake umeua watu waliozitumia katika vyumba vilivyofungwa, na Marekani ilizuia zisiuzwe kwa watumiaji wa kawaida mwaka 2019. Zipo zenye kwenda polepole na salama zaidi: paka kwa unene, funika kwa plastiki isikauke, iache saa zilizoandikwa kwenye lebo, kisha kwangua kufuata nyuzi kwa skrepa iliyosuguliwa pembe zisichimbe. Soda kostiki isiguse meza ya mbao ngumu; hugeuza rangi ya mbao kuwa nyeusi, huinua nyuzi na kulegeza viungo. Ukimaliza, safisha mabaki kama lebo inavyoelekeza. Yakibaki, praima haitakauka.

Msasa una namba, na namba zina mantiki. Mbao nzima iliyo wazi huanza na 80 au 100 ikiwa ina mikwaruzo mizito, halafu 120, halafu 150, na kwa rangi uishie 180. Kila namba kazi yake ni kufuta mikwaruzo ya namba iliyotangulia. Ukiruka kutoka 80 hadi 180, mikwaruzo ya 80 itabaki na itaonekana chini ya rangi ya kung'aa. Chora mistari hafifu ya penseli juu ya uso wote kabla ya kila namba. Ikifutika yote, umepita kila mahali. Funga karatasi kwenye kipande cha mbao bapa, kwa sababu vidole huchimba mifereji isiyoonekana mpaka rangi ing'ae. Fuata nyuzi siku zote. Na usizidishe ulaini: mbao iliyosuguliwa mpaka 320 kabla ya praima haiachi pa kushikia.

Kingo ndizo hubanduka kwanza, na sababu yake inaeleweka. Rangi ikiwa majimaji hukimbia ukingo mkali, hivyo pale penye kugongwa sana ndipo inapobaki nyembamba kuliko kwingine. Vunja ukali wa kila ukingo kwa msasa hadi upate mviringo wa milimita moja au mbili. Ni kazi ya dakika chache kwa meza nzima, na inaongeza uhai wa rangi kuliko mkono wa ziada.

Vaa barakoa ya FFP2, ile inayochuja vumbi laini, wakati wote wa msasa. Shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani linaiweka vumbi la mbao kwenye kundi la visababishi vya saratani vilivyothibitishwa.

Mbonyeo ambao nyuzi zake hazikukatika hauhitaji puti. Weka kitambaa chenye maji juu yake, kandamiza kwa ncha ya pasi ya moto kwa sekunde chache, inua, rudia. Mvuke huzivimbisha nyuzi zilizolala zikarudi mahali pake. Fanya hivi penye mbao iliyo wazi tu. Shimo halisi ndilo la puti, na puti husinyaa. Ijaze ipite usawa kidogo, na shimo la zaidi ya milimita tatu lijazwe kwa tabaka, kila moja likauke kabla ya lijalo. Kona iliyovunjika ijengwe kwa epoksi, maana puti ya kawaida itadondoka kwa pigo la kwanza.

Tumefika kwenye praima, na hapa tukae.

Mbao nyingi za samani, kama mkangazi, mwaloni na mwerezi, zina tanini, na tanini huyeyuka kwenye maji. Ukipaka praima ya maji au rangi ya maji juu yake, maji yaliyomo huiyeyusha tanini na kuipandisha. Maji yanapokauka, doa la njano au kahawia linabaki juu. Mtu huona doa, anaongeza mkono mwingine wa rangi, na mkono huo unaleta maji mapya yanayopandisha tanini nyingine. Wapo wanaofika mkono wa tano wakilalamikia ubora wa rangi, na inakatisha tamaa kweli, kwa sababu kila jioni inaonekana kama limekwisha na kila asubuhi limerudi. Vifundo vya msonobari hufanya vivyo hivyo kwa utomvu wake, na samani za zamani zilizotiwa rangi nyekundu ya kuigiza mahogani huweza kutoa doa la waridi.

Kinachozuia ni praima ya shelaki. Kiyeyushi chake ni spiriti, si maji, kwa hiyo tanini haipandi, na utando wake unaizuia hata baadaye. Hukauka kwa kuguswa ndani ya nusu saa hivi, na mikono miwili myembamba inatosha. Ina mvuke mkali unaoshika moto upesi. Fungua madirisha, zima kila chenye mwali. Praima ya mafuta ni chaguo la pili. Ukiwa na shaka juu ya mbao yako, paka praima uliyonayo na rangi nyeupe kwenye kiraka cha upande wa chini, ulale, utazame asubuhi. Yale madoa meusi ya duara yaliyoachwa na vyombo vya chuma au makopo ni chuma kilichokutana na tanini penye unyevu. Asidi oksaliki huyatoa kwenye mbao tupu, na unapopaka rangi, shelaki huyafunika.

Rangi yenyewe isiwe ya ukutani. Rangi ya ukutani hubaki laini, na kitu kikikaa juu yake siku mbili hugandana nayo. Chukua enameli, yaani rangi inayokauka ikawa ngumu, ya maji au ya mafuta, iliyokusudiwa samani au milango. Ya mafuta hujisawazisha vizuri na hutoka ngumu, ila nyeupe yake hugeuka njano kadiri miaka inavyokwenda, zaidi penye mwanga hafifu. Kwa nyeupe, ya maji ni bora. Kuhusu kiasi: uso wa sentimita 120 kwa 60 ni mita 0.72 za mraba. Ongeza miguu na fremu upate mita 1.5 hivi. Lita moja hufunika takriban mita 10 hadi 12 za mraba kwa mkono mmoja. Mikono mitatu, basi, inakula chini ya nusu lita. Meza ikiwa na rafu ya chini, chukua mililita 750. Kununua kopo kubwa ni kupoteza.

Piga skrubu moja chini ya kila mguu ili meza isigandane na karatasi ya sakafuni, anza miguu na fremu meza ikiwa imepinduliwa, umalizie na uso. Rola ya sponji kwa sehemu bapa, brashi kwa pembe: ya nyuzi bandia kwa rangi ya maji, ya manyoya kwa rangi ya mafuta. Mimina rangi kwenye chombo kingine kupitia soksi ya nailoni, usichovye ndani ya kopo. Paka nyembamba, na ukishapita sehemu usiirudie baada ya dakika chache; rangi ya maji ikianza kushikana, brashi huipasua. Dakika kumi baadaye, chungulia pembe za ndani, ndiko michirizi inakojificha. Mchirizi ulioanza kuota ngozi uache ukauke kabisa, uukate kwa wembe, kisha msasa. Joto liwe kati ya nyuzi 10 na 30, mbali na jua la moja kwa moja, kwa sababu jua hukausha ngozi ya juu na kufungia viyeyushi ndani vikatoka kama malengelenge. Ngoja saa nne hivi kati ya mikono kwa rangi ya maji, saa 24 kwa ya mafuta, na piga 320 kidogo kati ya mkono na mkono.

Upande wa chini wa ubao wa juu upakwe pia, hata mkono mmoja. Mbao nzima hupumua unyevu. Ukiziba upande mmoja tu, upande mwingine hutanuka na kusinyaa peke yake, ubao ukapinda. Kwa sababu hiyohiyo usigandishe uso wa mbao nzima kwenye fremu kwa gundi. Acha skrubu kwenye matundu yake marefu, yaliwekwa hivyo kwa makusudi.

Enameli nzuri haihitaji vanishi juu yake. Rangi isiyong'aa, au ile ya unga wa chokaa, inahitaji. Juu ya nyeupe tumia vanishi ya maji peke yake, kwani ya mafuta itaifanya njano tangu siku ya kwanza. Ikoroge taratibu mpaka chini, usiitikise. Kutikisa huingiza mapovu yanayokauka usoni. Nta isitangulie vanishi, haitashika. Na ikiwa uso umeuacha na mbao yake ukaupaka mafuta ya kitani, tandaza vitambaa ulivyotumia kimoja kimoja nje vikauke, au vitie ndani ya maji kwenye kopo la chuma lenye mfuniko. Vikifungwa pamoja vinazalisha joto lao wenyewe na vinaweza kuwaka bila kiberiti.

Kukauka si kukomaa. Baada ya siku moja rangi haigandi kidoleni, lakini bonyeza ukucha mahali pa mafichoni, utaacha alama. Siku saba za kwanza meza ikae tupu. Kuanzia hapo vitu vyepesi vinaruhusiwa, ila vikombe vya moto, vitambaa vya plastiki na vyombo vya maua vingoje mpaka wiki ya nne. Ukucha usipoacha alama tena, itumie.

Rangi iliyobaki ihamishie kwenye chupa ndogo ya kioo, ijae hadi karibu na mdomo ili hewa isikae juu yake, na uandike jina la rangi na tarehe. Siku ukingo ukimeguka, sugua kwa 320 kuzunguka jeraha mpaka mpito usisikike kidoleni, gusa mbao iliyo wazi kwa shelaki, kisha rangi kwa brashi nyembamba, mikono miwili, na kipande hicho nacho kipewe wiki zake kabla ya kuwekewa kikombe.